Dakika mbili za taharuki: jinsi ya kuupima ufunguzi wa filamu ya mwanafunzi na watazamaji wake

Kati ya kazi anazopewa mwanafunzi wa masomo ya filamu, hakuna inayoonekana rahisi kama kutengeneza ufunguzi wa filamu ya taharuki, na hakuna inayomuumbua haraka kama kuutathmini. Anapotengeneza ana kamera, marafiki wa kuigiza na msisimko wa kurekodi usiku. Anapotathmini ana karatasi tupu na swali linaloonekana la kitoto: filamu hii umemtengenezea nani?

Jibu la kawaida tunalijua hata kabla ya kulisoma. "Walengwa wetu ni vijana wa miaka 15 hadi 25, wa kike na wa kiume, wanaopenda filamu za taharuki." Sentensi hiyo haina uongo wowote, ila haisemi kitu. Unaweza kuibandika kwenye kazi ya kila mwanafunzi darasani bila kubadilisha hata nukta. Umri na jinsia havitoshi kumpata mtazamaji wa filamu ya taharuki. Anapatikana ukiangalia filamu inampa habari gani, inampa lini, na inamnyima nini. Ufunguzi, shoti kwa shoti (yaani kipande kwa kipande cha picha kati ya mkato mmoja na mwingine), unachagua watu wake wenyewe, hata kama aliyeutengeneza hakukusudia. Kazi ya tathmini ni kuusoma uchaguzi huo.

Kazi yenyewe ina chimbuko linalojulikana. Nchini Uingereza, bodi ya mitihani ya OCR iliiweka katika mtaala wa masomo ya vyombo vya habari ulioanza kufundishwa 2008. Mwanafunzi alitakiwa kutengeneza majina (yale maandishi ya mwanzoni yanayotaja filamu na walioitengeneza) na ufunguzi wa filamu mpya ya kubuni, usiozidi dakika mbili, kisha kujibu maswali saba. Kati ya alama 100, utafiti na maandalizi vilipewa 20, filamu yenyewe 60, tathmini 20. Mitaala imebadilika tangu hapo, lakini maswali yale bado ni kipimo kizuri. Yanauliza filamu imezitumia vipi kanuni za filamu za kweli, imeyaonyesha vipi makundi ya jamii, kampuni gani ingeisambaza, nani angeitazama, ilimvutaje mtazamaji huyo, mwanafunzi amejifunza nini kuhusu vifaa, na amepiga hatua gani tangu zoezi la awali. Wengi huyajibu moja moja, kama watu wanaotia alama kwenye orodha. Kwa maoni yangu, swali la nani angeitazama ndilo linaloyabeba mengine yote.

Nani anajua nini

Alfred Hitchcock, mwongozaji mashuhuri wa filamu za taharuki, katika mazungumzo yake na mwongozaji mwenzake François Truffaut mwaka 1962, aliueleza utanzu huu kwa mfano ambao haujapitwa na wakati. Watu wawili wanazungumza mezani, na chini ya meza kuna bomu. Ikiwa mtazamaji hajui, bomu linapolipuka anapata sekunde 15 za mshtuko. Ikiwa ameliona likitegwa na anajua saa ya kulipuka, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanampa dakika 15 za taharuki. Meza haikubadilika, wala maneno ya wahusika. Kilichobadilika ni kile anachokijua aliyeketi kitini akitazama.

Sasa tuushushe mfano huo kwenye kiwango cha mwanafunzi asiye na bomu wala fedha. Tubuni ufunguzi wa dakika mbili. Msichana anarudi nyumbani usiku, anafungua mlango, anaweka funguo zake mezani, anavua viatu. Simu inaita, namba haionekani. Anapokea, upande wa pili kimya. Anapoirudisha simu anagundua kwamba mezani kuna funguo nyingine, zinazofanana kabisa na zake.

Hadithi hiyo inaweza kuhaririwa kwa namna tatu. Katika ya kwanza, kabla msichana hajafika tunaona mkono wenye glavu ukiweka funguo mezani, kisha mlango wa kabati la nguo ukivutwa ndani polepole. Msichana anapoingia, sisi tunajua zaidi yake. Kila sekunde anayopoteza kuvua kiatu inauma. Tunataka kumwonya na hatuwezi. Hii ndiyo taharuki yenyewe, na inampata mtazamaji wa aina nyingi, hata yule asiyetazama sana filamu za namna hii, kwa sababu haimdai kukisia kitu. Amepewa kila anachohitaji ili aogope.

Namna ya pili, hatuoni mkono wala kabati. Tunaziona zile funguo pale msichana anapoziona, kamera ikiwa karibu na uso wake. Tunajua sawa na yeye. Hapa tunapata mshtuko, na mshtuko unahitaji maandalizi ya sauti na kasi kuliko maandalizi ya habari. Unamfaa mtazamaji anayekwenda sinema na wenzake ili washtuke pamoja na kucheka baadaye. Udhaifu wake ni kwamba unatumika mara moja tu, kwa maana ukirudia kuutazama unabaki na msichana anayeangalia meza.

Namna ya tatu, msichana anaziona funguo zile na hashtuki. Anazichukua, anazipeleka ukutani na kuzitundika kwenye msumari, kando ya nyingine nyingi. Anajua zaidi yetu. Tuliyemdhania mwathirika sasa hatujui ni nani. Ufunguzi huu unamtaka mtazamaji aliyekwisha kuona filamu nyingi za utanzu huu, anayesubiri simu iite na mlango ulie, na anayefurahi matarajio yake yanapogeuzwa. Mgeni wa utanzu hatapotea, ila ile raha ya kuchezewa hataipata, kwa kuwa hakuwa na matarajio ya kugeuzwa.

Mwigizaji, meza, funguo na usiku ni vilevile katika namna zote tatu, lakini watazamaji ni tofauti, na wote wanaweza kuwa na miaka 19. Mwanafunzi akiandika kwamba walengwa wake ni vijana, amekomea mlangoni. Akiandika kwamba walengwa wake ni watu wanaozijua kanuni za utanzu kiasi cha kudanganyika nazo, na akaonyesha shoti ambayo udanganyifu huo unafanyika, hapo ameanza kutathmini.

Kasoro ninayoiona mara kwa mara katika kazi za wanafunzi ni kutaka yote matatu kwa wakati mmoja. Kuna mkono wenye glavu, kuna kelele ya ghafla, kuna barua isiyosomeka, kuna picha iliyochanwa, na mwishoni msichana anatabasamu kwa namna ya ajabu. Roland Barthes, mhakiki wa Kifaransa, mwaka 1970 alizungumzia msimbo wa fumbo: namna simulizi inavyoweka swali na kulichelewesha jibu. Kuchelewesha kunahitaji msomaji akumbuke swali. Dakika mbili zenye mafumbo matano hazimwachii mtazamaji hata moja la kuondoka nalo.

Kisingizio cha kupinga kanuni

Swali la kwanza kati ya yale saba lilimtaka mwanafunzi aseme kama kazi yake inatumia, inaendeleza au inapinga kanuni za filamu za kweli. Neno "inapinga" limegeuka kuwa kichaka cha kujifichia. Kikundi kimerekodi mchana kwa sababu hakikuwa na taa, kisha tathmini inasema, "Tumepinga kanuni ya giza." Kikundi kimesahau kurekodi sauti ya mazingira, basi tathmini inasema, "Tumetumia ukimya kwa makusudi." Mkaguzi mzoefu haoni shida kutofautisha. Kanuni iliyopingwa kwa makusudi huacha alama katika shoti zinazoizunguka. Kama mchana umechaguliwa ili kutisha, basi kutakuwa na madirisha wazi, vivuli vifupi, watu wanaopita nje bila kusikia, na kamera itayatumia hayo yote. Kama mchana umetokea tu, hakuna shoti inayoujali.

Steve Neale, mwananadharia wa tanzu za filamu, alisisitiza kwamba utanzu unaishi kwa marudio na tofauti kwa pamoja. Marudio ndiyo yanayomfanya mtazamaji aingie, na tofauti ndiyo inayomfanya akae. Wanafunzi wanaelemea upande wa marudio, na ukitaka kujua chanzo kimoja tazama mikono yenye glavu inayobandika picha ukutani na kukata magazeti. Inatokana na majina ya ufunguzi ambayo Kyle Cooper aliyabuni kwa filamu ya Se7en mwaka 1995, ambamo tunaona mikono ya muuaji ikitengeneza madaftari yake lakini uso hatuuoni. Zaidi ya miongo miwili baadaye, mtazamaji anayeijua taharuki akiona glavu na mkasi anatambua nakala. Hilo si dhambi. Tatizo ni pale tathmini inapoita nakala hiyo ubunifu mbele ya walengwa ambao, kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, ni mashabiki wa utanzu.

Majina nayo yana habari zake. Kwa kawaida hutangulia kampuni ya usambazaji na ya utengenezaji, wakafuata waigizaji wakuu, kisha jina la filamu, baadaye mafundi, na mwongozaji akawa wa mwisho. Kazi inayoanza na jina la mhariri inamwambia mtazamaji, bila kukusudia, kwamba anatazama zoezi la darasani. Sehemu ambayo jina linaangukia pia ina uzito. Ukiliweka juu ya uso wa msichana katika sekunde anayoona funguo, umemwondoa mtazamaji kwenye hofu ili asome.

Sauti ninaiachia nafasi ndogo hapa, ingawa ndiyo inayoangusha kazi nyingi kuliko picha. Jaribio lake ni rahisi. Zima picha, sikiliza dakika mbili. Ukisikia muziki wa huzuni uliotandazwa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kiwango kimoja, jua kwamba muziki umewekwa kufunika mashimo ya uhariri. Sauti za ndani ya hadithi, kama hatua, funguo, friji inayovuma, ndizo zinazomweka mtazamaji chumbani. Sauti ya nje ya hadithi inamwambia ajisikieje. Taharuki inahitaji ya kwanza zaidi ya ya pili.

Daraja la umri si mapambo

Karibu kila tathmini inataja daraja la umri, na karibu kila moja inataja 15, "kwa sababu kuna kisu." Tukibaki Uingereza kazi hii ilikozaliwa, madaraja hayo yanatolewa na BBFC, chombo kilichoanzishwa 1912. Katika daraja la 12A, lililoanza 2002, mtoto aliye chini ya miaka 12 anaweza kuingia sinema akiwa na mtu mzima. Katika la 15, aliye chini ya umri huo haingii hata akiwa na mzazi. Lakini kisu peke yake hakiamui kitu. Kinachotazamwa ni ukali wa tishio, sauti ya jumla ya filamu, na kama kamera inang'ang'ania maumivu na majeraha. Vitisho vya wastani vinaweza kupita katika 12A, na vitisho vikali vinaingia 15. Ukatili unaokaa juu ya mateso kwa muda mrefu unasukuma filamu kuelekea 18.

Tunarudi basi palepale kwenye urefu wa shoti na kile kinachoonyeshwa. Msichana wetu mwenye funguo hana hata tone la damu. Namna ya kwanza, yenye mtu ndani ya kabati, ingeweza kuwa na tishio kali kuliko kisu kinachoonekana kwa sekunde moja. Mwanafunzi anayedai daraja la 15 anatakiwa aseme ni shoti ipi inayolidai, na ni shoti ipi angeikata ili ashuke hadi 12A. Uamuzi huo una gharama pande zote mbili. Ukishuka unapata familia na vijana wadogo, na unampoteza yule anayeona daraja la chini kama ahadi ya filamu laini. Suala la msambazaji linaingia hapahapa. Kutaja kampuni kubwa za Hollywood kwa filamu ya mhusika mmoja ndani ya nyumba moja ni ndoto. Filamu ndogo za Uingereza za aina hiyo zina wafadhili wao, Film4 na BBC Film wakiwa miongoni mwao, na tathmini inayowataja inapaswa kueleza kwa nini wangejali.

Kuna pia ile mizani ya matabaka, A, B, C1, C2, D na E, kutoka la juu hadi la chini, iliyotumika Uingereza katika utafiti wa wasomaji wa magazeti. Wanafunzi wanaipenda kwa sababu inaonekana ya kisayansi. Inapima kazi ya mtu mwenye kipato kikubwa zaidi katika kaya. Maana yake kijana wa miaka 17 anayeishi na wazazi anabeba tabaka la mzazi wake, jambo lisilosema lolote kuhusu filamu anazotazama usiku chumbani. Kuandika "walengwa wetu ni C1 na C2" bila kueleza uhusiano wake na shoti hata moja ni kupoteza mstari.

Kuwauliza watu bila kuwalazimisha kudanganya

Sehemu ya hadhira mara nyingi inathibitishwa kwa hojaji. Wenzake kumi wameonyeshwa filamu, wakaulizwa kama waliipenda, na matokeo yanatangazwa kwamba asilimia 80 wameridhika. Hao ni marafiki wanane. Marafiki hawakuja kutathmini, wamekuja kusaidia. Hakuna ubaya wa kuwauliza marafiki, ila swali lazima liwe ambalo urafiki hauwezi kulijibu.

Njia inayofanya kazi ni kusimamisha filamu. Isimamishe sekunde chache kabla ya zile funguo kuonekana, kisha mwombe kila mtazamaji aandike, bila kuzungumza na mwenzake, anachodhani kitafuata na ni nani anayemhofia. Endelea hadi mwisho, uliza tena. Majibu hayo hayapimi kupendwa. Yanapima kama habari imefika. Ikiwa katika namna ya kwanza nusu ya watu hawakuona mlango wa kabati ukifungwa, basi kwao hakukuwa na taharuki kabisa. Walitazama msichana akivua viatu. Kosa linaweza kuwa la mwanga, au la shoti iliyokatwa mapema mno, na sasa mwanafunzi ana la kuandika.

Kuna hatua moja ambayo sijaiona ikifanywa mara nyingi, nayo ni ya thamani kuliko zote: onyesha filamu kwa watu usiowalenga. Kama umesema ni ya mashabiki wa utanzu, mpe mtu asiyetazama taharuki kabisa. Majibu yake yakifanana na ya mashabiki, basi filamu haijachagua hadhira yoyote, hata kama kila mmoja amesema ni nzuri. Yakitofautiana, angalia yanatofautiana kwenye shoti ipi. Hapo ndipo filamu yako inapomchagua mtazamaji wake, na aya ya tathmini inayolifafanua tukio hilo ni bora kuliko kurasa tatu za chati.

Stuart Hall, mwananadharia wa utamaduni na vyombo vya habari, alieleza mwaka 1973 kwamba mtazamaji anaweza kuupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa, akaukubali nusu nusu, au akaukataa. Kwa filamu ya taharuki kukataa kuna sura inayojulikana vizuri, nayo ni kicheko. Watu wakicheka msichana anapopokea simu, usiwalaumu kwamba hawako makini. Andika walicheka sekunde ya ngapi.

Baadhi ya kukataa kunatokana na nani amewekwa kwenye hatari. Msichana peke yake usiku, kamera ikimfuata kwa nyuma kwa urefu wa macho ya mtu mzima, ni picha inayorudiwa hadi kuchosha, na ina maana yake. Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu, katika insha yake ya 1975, alionyesha jinsi sinema inavyoweza kumkalisha mtazamaji katika jicho la mwanamume anayemtazama mwanamke. Shoti ya kumfuata inafanya hivyo waziwazi, kwa kuwa inamtaka mtazamaji aone kwa macho ya anayewinda. Mwanafunzi aliyesema walengwa wake ni wa kike na wa kiume kwa usawa anadaiwa maelezo. Je, msichana aliyeketi ukumbini ameombwa amwogopee mhusika, au ameombwa amwinde? Namna ya tatu ya mfano wetu, ile ya misumari iliyojaa funguo, inapata nguvu yake kwa kuanza na jicho hilo la mwindaji na kumalizia kwa kulipindua. Lakini inapata nguvu hiyo ikiwa tu shoti za mwanzo zimemshawishi mtazamaji kweli.

Lililobaki ni lugha ya kuandikia. "Tulitumia mwanga hafifu ili kuleta taharuki" ni sentensi ya nia, na nia haionekani kwenye kioo. Linganisha na hii: "Taa ya meza inamwangazia msichana na kuliacha kabati gizani. Watazamaji watano kati ya wanane hawakuuona mlango ukifungwa, kwa hiyo tulirefusha shoti hiyo kwa sekunde mbili na kuongeza mlio wa bawaba, na katika onyesho la pili wote waliuona." Namba hizo ni za mfano tu, lakini muundo ndio wenyewe. Umetaja shoti, umetaja kilichompata mtazamaji, umetaja ulichobadilisha.

Na swali la mwisho, la hatua zilizopigwa tangu zoezi la awali, linajibika kwa njia hiyohiyo. Katika mtaala ule zoezi lilikuwa mtu afungue mlango, avuke chumba, aketi mbele ya mwenzake na wabadilishane maneno machache, kwa kuzingatia mwendelezo wa tendo kutoka shoti moja hadi nyingine na mstari wa nyuzi 180, yaani kamera ibaki upande mmoja wa wahusika ili mtazamaji asichanganyikiwe nani yuko wapi. Lilionekana kavu, lakini lilifundisha jambo ambalo taharuki haiwezi kuishi bila hilo: mtazamaji lazima ajue mlango uko wapi. Katika ufunguzi wetu, kama hajui kabati liko upande gani wa meza, haijalishi ana miaka mingapi.